Umelipia Hilux Kahama, Imezama Durban!

Na Mwandishi Wetu

WEWE kijana wa Kahama, Geita au Shinyanga mjini ambaye umeshatoa advansi ya gari jipya, hebu kaa chini kwanza usome habari hii. Kama yule jamaa wa kampuni ya magari kila ukimpigia anakuambia "Kaka, vuta subira kidogo, mzigo upo njiani," na huu sasa ni mwezi wa nne, usikimbilie kumwita tapeli. Huenda anasema kweli. Huenda pia gari lako halipo njiani wala melini. Halijaundwa. Au liliundwa, likazama, likapondwa kama kopo la soda, na wewe huku bado unailipa benki riba yake.

Hii si stori ya kijiweni. Imeshatokea, tena kwa kampuni ambayo kila mtoto wa kanda hii anaijua kwa jina kabla hajaanza shule: Toyota.

Kwa nini iwahusu watu wa kanda ya dhahabu kuliko wengine? Kwa sababu huku gari si la kutesea mjini tu. Dar es Salaam mtu akikosa gari atapanda daladala, atachelewa kazini, basi. Huku gari ni ajira. Kanuni za ushirikishwaji wa Watanzania katika madini za mwaka 2018 zinazitaka kampuni za migodi zitangulize bidhaa na huduma za Watanzania, na vijana wengi wameuona mlango hapo. Unatafuta pikapu, unaifunga taa ya njano juu na kile kijiti kirefu chenye bendera, unaikodisha kwa kampuni inayofanya kazi mgodini. Dili likikubali, gari linajilipa lenyewe. Lakini mgodi hautaki mkweche. Unataka gari jipya au lililo karibu na upya, na unalitaka tarehe fulani. Tarehe ikipita, mwenye gari jingine anaingia, wewe unabaki na karatasi za kufungia maandazi.

Ndiyo maana mvua ya nchi ya watu inaweza kumtoa jasho mtu wa Katoro.

DURBAN, APRILI 2022

Tarehe 11 na 12 Aprili, 2022, jimbo la KwaZulu-Natal huko Afrika Kusini lilipigwa na mvua isiyo na huruma. Sehemu nyingine zilipata zaidi ya milimita 300 kwa saa 24. Ili upate picha, mkoa wetu wa Shinyanga kwa mwaka mzima hupata kama milimita 600 hadi 900. Yaani mvua ambayo sisi tungeigawanya miezi mingi, tukalima mpunga na bado tukalalamika jua, wenzetu walimwagiwa kati ya theluthi na nusu yake kwa siku moja. Watu zaidi ya 400 walipoteza maisha. Nyumba ziliporomoka na vilima, madaraja yakaenda na maji.

Sasa katika jiji hilohilo la Durban, upande wa kusini, eneo linaitwa Prospecton, jirani na ulipokuwa uwanja wa ndege wa zamani, ndipo kilipo kiwanda cha Toyota. Ni tambarare, si mbali na bahari. Hapo zinaundwa Hilux, Fortuner, Corolla Cross na basi dogo la Hiace ambalo kule wanaliita Ses'fikile, Kizulu maana yake "tumefika". Kwa miezi kadhaa ya mwaka ule halikufika popote.

Maji yaliingia kiwandani yakiwa na tope lake. Si kwamba yalilowesha sakafu, yakafagiliwa, kazi ikaendelea. Yaliingia kwenye mashine, kwenye roboti za kuchomelea, kwenye mitambo ya umeme. Yaliyafikia pia magari ambayo yalikwishamalizika, yanang'aa, yanasubiri kupelekwa kwa wateja. Idadi yake ni zaidi ya 4,000.

Toyota ikafanya kitu ambacho mtu wa Geita akikisikia anashika kichwa. Ikaamua magari hayo yasiuzwe hata moja. Hakuna kupunguza bei, hakuna mnada, hakuna kumpa shemeji wa meneja. Yote yakapondwa.

Najua unachofikiri. "Si wangenipa mimi nikalianika juani wiki mbili?" Bwana wee, ingekuwa Land Rover ya mwaka 1970 ningekuunga mkono. Gari la siku hizi limejaa nyaya na kompyuta ndogondogo chini ya viti, milangoni, nyuma ya dashibodi. Maji machafu yakiingia humo, leo linawaka na kesho linawaka. Kutu inakula polepole kwenye viungio vya nyaya, na mwezi wa nane mfuko wa hewa unafumuka usoni uko mwendo wa 100 pale Tinde, au siku ya ajali wenyewe haufumuki kabisa. Kampuni iliona bora hasara ya magari kuliko hasara ya jina.

Kiwanda hakikuamka siku moja. Kilisafishwa, mashine zikakaguliwa moja moja, nyingine zikabadilishwa, na kazi ikarudi kwa awamu, mstari huu baada ya ule, hadi kufikia Agosti 2022. Hesabu mwenyewe kuanzia Aprili. Na barabara ya Bayhead, ambayo malori huitegemea kuingia bandari ya Durban, nayo iliharibiwa vibaya na mafuriko yaleyale. Kwa hiyo hata mwenye gari lililopona alikuwa na kazi ya kulifikisha melini.

Unataka kujua kama Hilux unayoiota ni mtoto wa Durban? Rahisi. Pikapu yoyote mpya ya aina hiyo ina namba ya chesisi yenye herufi na tarakimu 17. Ukikuta inaanza na AHT, hiyo imezaliwa Afrika Kusini. Ikianza na MR0, ni ya Thailand. Ikianza na JT, ni Mjapani halisi. Vigari vyetu vya mitumba kutoka Japani, akina IST na wenzake, vina namba fupi, mfano ile inayoanza na NCP60, hivyo usihangaike kutafuta herufi hizo huko. Muulize muuzaji gari lako linatoka kiwanda gani kabla hujatoa hata senti. Akikushangaa, mshangae na wewe.

DUARA LIKIJAA MAJI

Sasa huenda unasema, basi mimi sitaki la Durban, nichukulie la Thailand. Taratibu.

Mwaka 2011 Thailand ilizama. Mto Chao Phraya ulifurika, mafuriko yakadumu miezi, watu zaidi ya 800 wakafa. Kaskazini ya Bangkok, katika mji wa Ayutthaya na vitongoji vyake, kuna maeneo makubwa ya viwanda. Saba kati ya hayo yalifunikwa na maji. Honda walikuwa na kiwanda cha magari humo. Mwezi Oktoba maji yakaingia, na magari hayakuanza kutengenezwa tena mpaka mwishoni mwa Machi 2012. Nao wakayaharibu magari mapya 1,055 yaliyolowa, ili hata kipuri kimoja kisije kikaibukia sokoni.

Lakini cha kujifunza kipo kwa Toyota. Viwanda vya Toyota vya Thailand havikuingia maji. Sakafu ilikuwa kavu, umeme upo, wafanyakazi wapo. Na bado vilisimama kuanzia Oktoba 10 hadi Novemba 21, zaidi ya mwezi mzima! Kisa? Wale wanaowaletea vipuri ndio waliokuwa wamezama.

Kama umekulia Nyarugusu, Mgusu au Rwamgasa, hilo halihitaji profesa. Duara likijaa maji wakati wa masika, si mchimbaji peke yake anayelala njaa. Hakuna mawe, kwa hiyo mwenye karasha anazima injini. Karasha likizimwa, hakuna unga wa kuosha, kwa hiyo wa mwaloni anakaa kivulini anapiga soga. Mnunuzi wa dhahabu anacheza bao. Mama lishe aliyepika sufuria mbili za wali anamwaga moja. Dereva wa bodaboda hana abiria. Yeye hajalowa hata kidole, lakini amezama.

Kiwanda cha magari ndivyo kilivyo, tofauti ni kwamba maduara yake ni mamia na yametawanyika nchi mbalimbali. Toyota wenyewe husema gari moja, ukihesabu mpaka skrubu ya mwisho, lina vipande kama 30,000. Na ni Toyota haohao walioufundisha ulimwengu mtindo wa kutoweka stoo kubwa. Kiti kinaletwa leo kufungwa leo. Taa inaletwa saa tano kufungwa saa sita. Ni mtindo mzuri sana, unaokoa fedha na nafasi, mpaka siku lori la viti lisipotokea. Huwezi kumuuzia mtu gari halafu ukamwambia usukani utafuata wiki ijayo.

Mafuriko yale ya Thailand yalifika mbali. Toyota ililazimika kupunguza kazi katika viwanda vyake vya Indonesia, Malaysia, Ufilipino, Pakistan, Marekani, hadi hukohuko Afrika Kusini, kwa kukosa vipande kutoka Thailand. Hivyo mwaka 2011 mtu wa Durban aliyekuwa mkavu alisimamishwa kazi na mvua ya Bangkok, na miaka 11 baadaye zamu ikawa yake.

Kuna kisa kingine cha mwaka huohuo wa 2011 ambacho nakipenda, ingawa chanzo chake ni tetemeko na tsunami ya Machi 11 huko Japani. Ile rangi ya gari inayometameta kama imenyunyiziwa chengachenga, kumbe kile kiungo cha kumetameta kilikuwa kinatoka kiwanda kimoja tu duniani kote, mji wa Onahama, mkoa wa Fukushima. Kiwanda kikafungwa. Kampuni ya Ford ya Marekani ikawaambia wauzaji wake wasipokee kwa muda oda za baadhi ya magari meusi na mekundu. Injini ipo, matairi yapo, gari zima lipo. Rangi hakuna!

Wala usidhani ni shida ya walalahoi wenye pikapu. Mwishoni mwa Juni 2024 mafuriko ya Uswisi yaliingia kiwanda kimoja cha aluminiamu kinachouzia kampuni za magari. Mwezi uliofuata Porsche ikatangaza kushusha makadirio ya mapato yake ya mwaka. Tajiri naye alisubiri.

SHANGINGI NALO FOLENI

Vigogo wanaotaka shangingi jipya wana habari yao pia, fupi lakini tamu. Januari 2022 Toyota iliwatangazia wateja wa Japani kwenyewe kwamba anayeagiza Land Cruiser 300 wakati ule anaweza kungoja hadi miaka minne. Miaka minne, msomaji! Mtoto anazaliwa, anatembea, anaanza chekechea, baba bado anasubiri gari. Hapo sababu haikuwa mafuriko pekee. Kulikuwa na uhaba wa vile vidude vya kompyuta uliotokana na Uviko, na wanunuzi walikuwa wengi kupita uwezo wa kiwanda. Wateja wa Japani walifikia kusainishwa ahadi kwamba hawataliuza gari ndani ya mwaka mmoja, kwa kuwa wajanja walikuwa wananunua asubuhi na kuuza jioni kwa faida. Ujanja wa mjini kumbe haukuanzia Kariakoo.

Hivyo ukichanganya, mwaka 2022 ulikuwa mbaya kwa kila upande. Vidude vya kompyuta adimu, Durban imezama, Land Cruiser foleni.

HATA HUKU NYUMBANI

Tusiwalaumu Wazulu na Wathai peke yao. Gari likishafika bandari ya Dar es Salaam bado lina karibu kilomita 1,000 za kuja Shinyanga. Siku hizi dereva anakanyaga lami: Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega, Tinde, halafu anachagua, Shinyanga huku au Isaka na Kahama kule. Wa Geita anayepitia Mwanza tangu Juni 2025 anavuka daraja la Kigongo hadi Busisi, hapangi tena foleni ya kivuko huku mbu wakimla.

Waulize kaka zako kuhusu El Niño ya mwaka 1997 na 1998. Mvua zilikata reli ya kati na kuigeuza barabara kuwa uji. Malori yalilala porini siku kadhaa, na wapo abiria wa Mwanza waliokuwa wanazungukia Nairobi ili wafike Dar, nchi yao wenyewe! Mwishoni mwa Desemba 2009 mafuriko ya Kilosa yakaichukua tena reli ya kati, treni zikasimama kwa miezi. Kila kilichokuwa kipande reli hadi Isaka kikatafuta lori, na lori likataka bei yake.

NANI ANALIPA?

Hapa ndipo penye uchungu, tukae kidogo.

Gari likizama kiwandani, hasara ya bati na injini ni ya kiwanda. Wewe hudaiwi chochote. Hasara yako ni muda, na muda huku kwetu una bei. Tuseme umekopa shilingi milioni 60 kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka. Riba peke yake ni kama laki 9 kila mwezi. Gari likichelewa miezi minne, milioni 3 na laki 6 zimekwenda na usukani hujaugusa. Ongeza kodi uliyotakiwa kuipata kutoka mgodini kwa miezi hiyo minne. Ongeza dereva uliyemwahidi kazi, ambaye sasa kila akikuona anabadilisha njia, au wewe ndiye unabadilisha.

Kisha kuna mambo ya dola. Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilikuwa inacheza kwenye shilingi 2,300 na kitu. Katikati ya 2024 ilipanda mpaka karibu 2,700. Kanuni za mwaka 2025 zimepiga marufuku kutangaza bei au kulipana kwa fedha za kigeni humu nchini, kwa hiyo utapewa bei ya shilingi. Sawa. Lakini anayeagiza gari nje analinunua kwa fedha za nje, na kama mkataba wako unasema "bei inaweza kubadilika siku ya kukabidhi", basi ule ucheleweshaji wa Durban utaulipia mara mbili.

Wengi hawasomi mkataba. Wanapiga picha ya kupeana mikono, wanaposti, wanaondoka. Mkataba mwingi wa namna hii una kifungu cha majanga yasiyozuilika: vita, moto, mafuriko, mgomo. Kifungu hicho kinamkinga muuzaji asidaiwe fidia gari likichelewa kwa sababu hizo. Si dhambi, kila mfanyabiashara anajikinga. Ila soma kinasemaje kuhusu wewe. Je, baada ya siku 60 au 90 za kuchelewa unaruhusiwa kuvunja mkataba na kurudishiwa advansi yako yote? Au wanakata "gharama za ofisi"? Je, mafuriko ya msambazaji wa vipuri yanahesabiwa, au ni ya kiwanda chenyewe tu? Maneno mawili matatu hapo yana thamani ya mamilioni.

Sheria ya Mikataba ya nchi yetu, Sura ya 345, inatambua kwamba mkataba unaweza kufa pale jambo lililoahidiwa linapokuwa haliwezekani tena bila kosa la mtu, na kwamba aliyepokea faida chini ya mkataba uliokufa anatakiwa kuirudisha. Lakini gari kuchelewa si sawa na gari kutowezekana. Hilux za Durban zilirudi kutengenezwa. Muuzaji anaweza kukuambia, na akawa sahihi, kwamba mkataba uko hai, wewe subiri tu. Kinachokuokoa ni kuandika mapema kwamba tarehe ndiyo roho ya mkataba: gari lisipofika siku fulani, nina haki ya kujitoa. Bila mstari huo una kesi ndefu. Ukiwa nao una kitu cha kuweka mezani.

Na mkataba wako na huyo wa mgodini nao usome hivyohivyo. Kinga aliyojipa muuzaji wa gari, jipe na wewe. Omba maneno kwamba gari likichelewa kwa janga la kiwandani unaruhusiwa kuleta gari jingine la kukodi kwa muda. Wapo watakaokataa. Wapo watakaokubali, kwa sababu nao magari yao yanatoka kwenye viwanda hivyohivyo.

Kuna kijana atasema, yote haya ya nini, mimi nachukua mtumba wa Japani, upo yadi unasubiri. Kweli, mtumba hausubiri kuundwa. Ila kumbuka TRA huhesabu umri kutoka mwaka gari lilipotengenezwa, na gari la kutembelea likivuka miaka 8 linaongezewa ushuru wa uchakavu. Mzigo uliotakiwa kufika Desemba ukifika Januari, gari limezeeka mwaka mzima ndani ya wiki mbili.

MTUMBA ULIOKUNYWA MAJI

Na Japani nako kunafurika. Septemba 4, 2018 kimbunga Jebi kilisukuma maji ya bahari mpaka ndani ya viwanja vya bandari eneo la Kobe na Osaka. Mjini Nishinomiya magari zaidi ya 100 yaliyokuwa yameegeshwa kando ya bahari yaliwaka moto. Ndiyo, yalilowa kisha yakaungua, kwa kuwa maji ya chumvi yaligusanisha nyaya za umeme. Oktoba 2019 kikaja kimbunga Hagibis, mito ikapasua kingo, magari ya watu yakaelea mitaani.

Toyota na Honda waliponda ya kwao mapya. Gari la mtu binafsi lililolowa, lililolipwa na bima, haliishii lazima kwenye mashine ya kuponda. Linaweza kuuzwa mnadani. Wajapani kwa kawaida ni waungwana, kwenye karatasi ya mnada gari lililozama huandikiwa hivyo kwa maandishi yao, neno linalosomwa kansui. Shida ni kwamba karatasi ile mnunuzi wa Kahama mara nyingi haioni, na akiiona haisomi. Dai karatasi halisi ya mnada, si ile iliyochapwa upya. Mtafutie mtu anayesoma Kijapani, au tumia simu yako kutafsiri.

Gari likiwa mbele yako, usianze na redio. Inua kapeti hadi bati lionekane. Ng'oa tairi la akiba, chungulia shimo lake. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho kabisa, maana watu huosha viti na kusahau mkanda, na alama ya tope hubaki pale ulipojikunja. Tazama reli za viti kama zina kutu, na taa za mbele kama zina ukungu kwa ndani. Panda na kushusha vioo vyote, mara tatu tatu. Nusa. Gari linalonukia marashi kupita bibi harusi lina kitu linaficha.

Na wewe mpenzi wa Land Cruiser mkonga, usije ukadanganyika na ule mkonga. Unasaidia injini ivute hewa kwenye mto, hauzuii maji kuingia chini ya viti. Hilo nalo linuliwe kapeti. Ukikuta tope la njano ambalo si la Geita, na muuzaji anaapa kwa jina la mama yake kwamba gari halijawahi kuvuka hata dimbwi, mrudishie funguo, mwite bodaboda.